Najua, Nadhani, Nimesikia

Kikao cha kwanza kilikaribia kumtoa Sista machozi. Alikaa upande wake wa meza ndefu ya ukumbi wa hospitali, mbele yake watu wanne walioletwa na idara nne, akawatazama mmoja mmoja, moyoni akasema: jamani, wamenikusanyia makapi.

Hospitali ilikuwa imeahidiwa mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Wafadhili wenyewe walikuwa mbali, watu wa kupiga simu tu, leo hivi kesho vile. Mashine ni ngapi? Nne, au sita, itategemea. Zinakula umeme kiasi gani? Mtajulishwa. Zinakuja na nini na nini? Mtajulishwa. Zinakuja lini? Mwisho wa mwezi ujao, chumba kikiwa tayari. Kisipokuwa tayari zitapelekwa hospitali nyingine, maana wanaozililia ni wengi. Hilo la mwisho tu ndilo walilolisema bila kumung'unya maneno.

Sasa utaandaaje chumba cha kitu usichokijua? Mkurugenzi aliona jibu ni rahisi: iundwe timu. Huyu Mkurugenzi, akishapita, wafanyakazi walimwita Bwana Uhakika, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kulichomeka neno hilo. Alimteua Sista, muuguzi wa wadi, kuwa kiongozi, kisha akaziagiza idara za umeme, maji, stoo na uhasibu zitoe mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mkuu wa idara ukimwomba mtu mmoja, atakupa nani? Atakupa yule ambaye asipokuwepo hakuna anayeuliza yuko wapi.

Watu wa umeme walimtoa mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kustaafu, anayesinzia hata akiwa amesimama. Watu wa maji walimtoa mgeni aliyeanza kazi juma lile lile, bado anapotea njia ya kwenda chooni. Stoo walimtoa mama ambaye kesho yake alikuwa anaanza likizo. Na uhasibu walimtoa bwana aliyekosana na bosi wake, wakawa wanatafuta pa kumtupa.

"Tukiweka mashine nne, umeme uliopo utatosha?" Sista aliuliza.

"Hilo nitamuuliza bosi," akasema mzee wa umeme, akafungua jicho moja.

"Na maji machafu yatatokea wapi?"

"Hilo nitamuuliza bosi," akasema mgeni wa maji.

"Mimi naona," akasema yule wa uhasibu, "tusubiri kwanza taarifa kamili."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Taarifa kamili! Sista alilisikia neno hilo hadi masikio yakamwasha. Alitaka kuwauliza: taarifa ikishakuwa kamili, nyinyi nitawaitia nini? Lakini akafunga kikao, akaenda kusimama kwenye stoo ya zamani ya magodoro, ile iliyotengwa kuwa chumba cha mashine. Kuta zilikuwa na ukungu, taa moja inawaka na kuzima, na kwenye kona kuna sinki lililokauka. Alisimama pale mikono kiunoni, akapiga sinki lile teke.

Asingekuwa na hasira vile kama ingekuwa kazi tu. Kazi angeifanya, akaenda nyumbani akalala. Tatizo ni kwamba miongoni mwa hao wagonjwa wa figo alikuwemo kaka yake, tumbo moja.

*

Kaka yake huyu mtaa mzima ulimwita Kocha. Alifundisha timu za mpira za mtaani miaka nenda miaka rudi bila kulipwa hata soksi, mpaka figo zilipogoma. Sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anaamka kabla ya watu wote, anapanda basi hadi hospitali ya mji wa mbali, anafungwa kwenye mashine, anarudi jioni akiwa hoi. Kule ana kiti chake. Kiti hicho alikisubiri kwa muda mrefu hadi nyumbani wakakata tamaa, na masharti yake ni magumu: ukikiacha asubuhi, mchana kina mwenyewe mwingine.

Jioni ile Sista alimkuta amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya stuli, imevimba. Mkewe, wifi yake Sista, alikuwa anamkanda vidole. Mezani palikuwa na kikombe kidogo cha maji, ambacho Kocha, kwa amri ya daktari, alitakiwa kukigawa kwa kutwa nzima, na alikuwa anakilamba kidogo kidogo.

"Enhe, mdogo wangu, timu imechezaje?"

"Usinitie uchungu, kaka. Sina timu. Nina watu wanne wa kumuuliza bosi."

Akamsimulia yote. Alipofika kwa mzee aliyefungua jicho moja, Kocha akacheka hadi akashika ubavu, wifi akamkaripia atulie.

"Kosa mlilianza nyinyi wenyewe," Kocha akasema alipopata pumzi. "Yaani mmeomba kila mtaa uwaletee mchezaji mmoja? Watawaletea mguu mbovu, yule anayewasumbua. Mimi sikuwahi kuomba mchezaji. Nilikuwa nakwenda uwanjani nasimama pembeni, nawaangalia wakipoteza. Anayecheka baada ya kufungwa, simtaki. Anayekunja ngumi, anayetukana, anayetaka kupigana na golikipa wake mwenyewe, huyo ndiye wangu."

"Wagomvi?"

"Wagomvi. Mtu hagombani kwa kitu asichokijali."

Wifi akaguna. "Ndiyo maana timu zako zilikuwa zinamaliza mechi na watu wanane."

"Tulikuwa tunashinda na hao wanane, mke wangu!"

*

Kutafuta wagomvi pale hospitalini haikuwa kazi hata kidogo. Asubuhi yake Sista alifuata makelele tu.

Kwenye korido ya wadi ya wanaume alimkuta fundi umeme mmoja, mrefu, mwembamba, ambaye ukimwomba lolote neno lake la kwanza ni hapana, ndiyo maana akaitwa Hapana. Alikuwa anamfokea fundi wa maji aitwaye Koki, mfupi, sauti kama ya spika, eti amepitisha bomba kwenye tundu la waya. Koki naye alikuwa anamwuliza kama tundu hilo alizaliwa nalo. Pembeni yao alisimama Mama Stoo, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni, akiwakoromea wote wawili kwa kuchukua ngazi yake bila kusema.

"Nyinyi watatu," Sista akasema, "ndio timu yangu."

"Hapana," akasema Hapana.

Lakini walikuja, na wale wanne wa mwanzo wakarudishwa idarani kwao. Mkurugenzi alimwonya: "Sista, hawa? Utaniletea kesi humu ndani. Una uhakika?" Sista akamjibu kuwa kesi afadhali, kuliko usingizi.

Kikao cha pili hawakukifanya ukumbini. Walisimama ndani ya stoo ya magodoro, hakuna viti, hakuna chai, hakuna wa kuandika. Hilo la kutoandika Sista alilifanya makusudi kabisa. Hospitali ile ilikuwa na ugonjwa wake: ukisema neno kikaoni likaandikwa, limekuwa lako. Likija kuwa kweli, hakuna anayekukumbuka. Likija kuwa uongo, utaulizwa mpaka unastaafu. Kwa hiyo kikaoni kila mtu alifunga mdomo, na maneno yote ya maana yakawa yanazungumzwa kantini.

"Mashine ni sita," Koki akaanza. "Natoboa njia sita."

"Toboa," akasema Hapana. "Umeme wangu ni wa nne. Hizo mbili utaziwasha kwa mdomo."

"Nakwambia ni sita!"

"Wewe nani kakwambia?"

"Na wewe nani kakwambia nne?"

"Nyamazeni!" Sista akapiga ukuta kwa kiganja, vumbi likawaangukia. "Koki. Hiyo sita unaijua, unaidhani, au umeisikia?"

Koki akababaika. Inaelekea hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo tangu azaliwe. "Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa dereva wa Mkurugenzi."

"Na wewe, hiyo nne?"

"Nadhani," akasema Hapana, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. "Wafadhili walipopiga simu waliniuliza kama naweza kutoa njia nne za umeme. Mtu mwenye mashine sita atauliza njia nne za nini?"

"Basi," akasema Sista, "humu ndani hakuna kufungua mdomo bila moja ya hayo matatu. Najua, nadhani, nimesikia. Kudhani si dhambi. Kusikia si umbea. Dhambi ni kuyachanganya."

"Na asiyejua kitu?" Mama Stoo akauliza.

"Anyamaze!" Koki na Hapana wakajibu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu wajuane. Sista akacheka, akaliacha lipite.

Ikawa dawa. Jamani, ikawa dawa! Siku zilizofuata watu wale watatu walitukanana kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kazi ilisonga. Koki alisema anajua bomba la maji machafu linapita chini ya ukuta wa kushoto. Wakavunja, halikuwepo, lilikuwa kulia, Hapana akamcheka siku nzima, na kuanzia hapo Koki akawa mwangalifu sana na neno najua. Kuta zikakwanguliwa, zikapakwa rangi nyeupe. Njia nne za umeme zikapita, na mbili za akiba zikafunikwa, kwa ajili ya ile sita ya kusikia. Sinki lililopigwa teke likang'olewa, likaletwa jipya.

Halafu ndipo likazuka la maji.

Mashine hizi hazinywi maji ya bomba hivi hivi. Lazima yapite kwanza kwenye mtambo wa kuchuja, yatakate kabisa, la sivyo unamtilia mgonjwa sumu kwenye damu. Mtambo wenyewe ni mkubwa, unaenea ukuta mzima. Je, wafadhili wanauleta pamoja na mashine, au hawauleti?

"Nimesikia," akasema Mama Stoo, "kwa watu wa bandari kavu, kwamba mzigo wetu ni masanduku manne, yanalingana. Hakuna kubwa."

"Nadhani," akasema Hapana, "umeme waliotuuliza ni wa mashine tu. Mtambo wa maji una pampu. Pampu haimo kwenye hesabu yao."

"Nadhani na mimi," akasema Koki. "Wameuliza maji machafu yanatokea wapi. Mbona hawajauliza maji safi yanaingilia wapi? Aliyenunua mtambo lazima aulize."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyependa picha iliyotokea.

Sista hakupoteza muda. Akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akamweleza kwamba mtambo wa maji hauji, uagizwe sasa hivi.

"Una uhakika?"

"Sina. Tunadhani. Lakini tunadhani watatu, kila mtu kwa sababu yake."

"Sista, siwezi kuagiza mtambo kwa kudhani. Niletee uhakika, natia saini leo leo."

"Uhakika nitaupata siku masanduku yakifunguliwa, Mkurugenzi. Na mtambo hauuzwi dukani hapo nje. Unaagizwa mbali, unachukua muda kufika."

"Basi tuwaulize wenyewe."

Wakaulizwa wenyewe. Jibu likaja kesho yake, la mstari mmoja: msiwe na wasiwasi, kila kitu kinakuja.

"Umeona?" Mkurugenzi akatabasamu.

"Kila kitu ni nini na nini?"

"Kila kitu ni kila kitu, Sista."

Sista akatoka. Alipofika stoo ya magodoro alifunga mlango, akatukana maneno ambayo Koki mwenyewe alikiri kwamba mengine yalikuwa mageni kwake. Alirudi kwa Mkurugenzi mara nyingine, na nyingine. Mara ya mwisho alipofungua mlango, Mkurugenzi alinyanyua simu akajifanya anaongea, na simu ilikuwa haijachomekwa ukutani.

*

Wiki ile ile Mkurugenzi akawaita wagonjwa wa figo wote wanaosafiri. Wafadhili walitaka kujua kwamba mashine zikifika kutakuwa na watu wa kuzitumia. Wakaja, wengine wameshikiliwa mikono, wakajaa ukumbini. Kocha alikaa nyuma na mkewe.

Mkurugenzi alisimama akaongea vizuri, maana kuongea alikuwa anajua. Alisema safari zimekwisha. Alisema mwanzoni mwa mwezi watatibiwa hapa hapa nyumbani, ana uhakika kabisa, waanze kuaga huko wanakotibiwa. Kisha akamgeukia Sista mbele ya umati: "Kiongozi wa timu huyu hapa. Sista, chumba kitakuwa tayari?"

"Chumba kitakuwa tayari," akasema Sista.

Hakusema uongo. Chumba kingekuwa tayari. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akalia kwa furaha, naye Sista akasimama pale kama aliyemezwa na sakafu miguu tu. Angeweza kuongeza maneno mawili kuhusu mtambo wa maji. Yalimfika kooni, akayatazama makofi, yakarudi yalikotoka.

Jioni wakala pamoja nyumbani kwa Kocha. Wifi alikuwa anapakua huku anaimba, na hakuwa mtu wa kuimba. Kocha hakuimba. Alimwangalia dada yake kwa muda, kwa jicho lile la pembeni ya uwanja, kisha akasema, "Mdogo wangu. Ile ya Mkurugenzi leo ni ipi kati ya zile tatu zenu?" Maana zile tatu alikuwa ameshasimuliwa, zikamfurahisha sana.

Wifi akaacha kupakua. Kijiko kilibaki hewani, mvuke unampanda usoni, macho yake yote kwa Sista. Macho yaliyolala vipande vipande mwaka mzima, ya kumwamsha mume basi lisimwache, ya kumsubiri kituoni jioni asije akaanguka akishuka. Sista alifungua mdomo kusema nadhani. Haki ya Mungu, alitaka kusema nadhani.

"Najua," akasema.

"Alhamdulillahi," wifi akasema, akaendelea kupakua, safari hii akimjazia Sista sahani hadi ikafurika. Kocha alichukua kikombe chake kidogo, akakinywa chote mara moja.

*

Masanduku yalifika siku ya jua kali. Yalikuwa manne, yanalingana.

Walifungua la kwanza, mashine. La pili, mashine. Mama Stoo alikuwa anakata utepe kwa kisu. La tatu, la nne. Koki akaingiza mkono ndani ya sanduku la mwisho hadi begani, akatafuta chini kabisa, akatoa kitabu cha maelekezo. Alikifungua, akakifunga.

"Hapana," akasema Hapana, na safari hii ilikuwa ni majonzi tu.

Mkurugenzi aliitwa. Alizunguka masanduku yale mara mbili kama mtu aliyeangusha ufunguo. "Lakini walisema kila kitu," akasema. Sasa uhakika ulikuwa umepatikana, na kweli akatia saini siku ile ile, kama alivyoahidi. Mtambo ukaagizwa. Utafika lini? Muuzaji alisema mtajulishwa.

Sista alimpigia Kocha simu hapo hapo. Simu haikupatikana. Akampigia wifi, ikaita ikakata. Alijipa moyo kwamba leo ni Ijumaa, Kocha yuko kule kwenye kiti chake, simu hukusanywa mlangoni, atampata jioni.

Basi akiwa amesimama katikati ya chumba kile kizuri, kuta nyeupe, viti vinne vipya, mashine nne zimesimama ndani ya nailoni, mlango ukafunguka, akaingia Kocha. Alikuwa amevaa shati lake la sikukuu. Mkononi ameshika mkoba wake wa matibabu, ule wa shuka, sweta na redio ndogo.

"Hodi wenye chumba," akasema. "Nimesikia mzigo umeingia, nikasema niwe wa kwanza."

"Kaka. Leo si Ijumaa?"

"Ni Ijumaa."

"Mbona hukwenda?"

"Kwenda wapi? Kiti nimekirudisha Jumatano. Nimewaaga vizuri, manesi wamenililia kidogo." Akaketi kwenye kiti cha kwanza, akajaribu mkono wa kiti, akajaribu cha kuwekea miguu. "Kiti kizuri. Kile cha kule kilikuwa kinanikata mgongo."

Koki, mwenye sauti ya spika, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama Stoo alizishika funguo zake zisilie.

Mkurugenzi ndiye aliyeongea. Alikuwa na simu ya kupigia picha, maana wafadhili walikuwa wanataka picha. "Huyu ndiye mgonjwa wetu wa kwanza? Safi sana! Mzee, hebu kunja mkono wa shati, uonekane uko tayari. Sista, simama hapo pembeni yake."

Kocha akakunja mkono wa shati. Mshipa wake wa matibabu, ule unaochomwa sindano za mashine, ulikuwa umetuna chini ya ngozi. Picha ikapigwa.

"Tunaanza lini, Mkurugenzi?" akauliza.

"Karibuni sana. Nina uhakika."

Kocha akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akageuza shingo kumtazama dada yake. Alitazama kwanza nailoni za mashine, akatazama ukuta mtupu walioacha nafasi ya mtambo, mabomba mawili yametoka ukutani yamezibwa na matambara. Mpira alikuwa amefundisha, mabomba hakujifunza, ila uso wa huyu mdogo wake aliyembeba mgongoni alikuwa anausoma tangu hajaota meno.

"Na wewe, mdogo wangu? Tunaanza lini?"

Sista alizitafuta zile tatu zote. Najua ilikuwa imeshatumika. Nimesikia ilikuwa ya muuzaji, na muuzaji hakusema kitu. Hata nadhani haikuwepo, hakuwa na pa kuishikiza.

"Sijui," akasema.

"Sista!" Mkurugenzi akaguta.

"Sijui, kaka. Mtambo wa maji haukuja. Umeagizwa leo. Sijui utafika lini. Siku ile mezani pia nilikuwa sijui."

Kocha alishusha mkono wa shati taratibu, akafunga kifungo, kikamshinda, Sista akainama kumfungia. Akiwa ameinama hivyo ndipo kaka yake alipomwambia, kwa sauti ndogo, bila ukali wowote: "Ungeniambia hivyo siku ile, leo ningekuwa kwenye kiti changu."

Sista aliendelea kushika kile kifungo kilichokwisha kufungwa.

"Haya," Kocha akasema, akainuka, akachukua mkoba. "Wacha niwahi. Nitakaa mlangoni kwao. Kuna siku mtu hatokei, wanamwingiza aliye karibu."

"Basi la saa hizi limeshaondoka," akasema Koki.

"Unajua?" Mama Stoo akamwuliza.

"Najua."

Mama Stoo akamgeukia Mkurugenzi, akanyoosha kiganja. "Ufunguo wa gari."

"Gari la ofisi haliwezi kutoka bila..."

"Ufunguo wa gari, baba, kabla sijaanza kupiga kelele, na unanijua nikianza." Akapewa. Akamrushia Hapana, ambaye aliudaka, akatangulia nje, na kwa mara ya kwanza hakusema neno lake.

Sista aliingia nyuma na kaka yake, mkoba juu ya mapaja yake. Hapana aliliendesha gari kama ameliiba. Walipita geti, wakapita kituo cha basi kilichokwisha kuwa kitupu, wakaingia barabara kuu. Sista aliwaza kumpigia wifi, akaangalia simu, hakujua atamwanzia wapi, akairudisha mfukoni.

"Unadhani watanipokea?" Kocha akauliza.

"Sijui, kaka."

"Haya," akasema. Akajisogeza kidogo kumpisha dada yake akae vizuri, akafumba macho.